Ufunguo wa Geti la Sita

Katika kazi ya Ligaya Abalos kulikuwa na jambo moja tu lisilokuwa na mjadala: hakuna gari linaloruhusiwa kwenda kaskazini mpaka kila mlango wa kuja kusini uwe umefungwa. Mengine yote yalijadiliwa. Zamu zilijadiliwa, mvua ilijadiliwa, kahawa ya kibandani ilijadiliwa mpaka watu wakanuniana. Hilo moja, hapana.

Zilikuwa njia tatu katikati ya barabara kuu, zimebanwa na kuta za zege kushoto na kulia, kilomita kumi na mbili kutoka vitongoji vya kaskazini mpaka katikati ya mji. Asubuhi zilileta watu kazini. Mchana, saa sita, ziligeuzwa zikawarudisha makwao. Ukishaingia humo huna pa kuchepukia. Ukikutana na mwenzako anakuja, basi mmekutana. Ligaya alikuwa na binti wa miaka minne, Tala, na Tala alipouliza mama anafanya kazi gani, Ligaya alimwambia mama anazuia magari yasipigane busu. Mtoto alicheka siku nzima.

Milango ya kuja mjini ilikuwa tisa. Kila mlango una geti la boriti, na kila geti lina ufunguo wake wa shaba, uliokaa kwenye kitasa chake. Ufunguo huo ulikuwa na tabia moja: geti likiwa wazi, hautoki. Uvute, uukaripie, uupige nyundo, hautoki. Boriti ikilala na kujifunga, ndipo unazunguka na kukuangukia mkononi. Funguo tisa hupelekwa kibandani, kati ya geti la saba na la sita, zikachomekwa kwenye ubao wa chuma ukutani. Zote tisa zikizungushwa, mkono mkubwa ulio chini ya ubao unaachia. Ukiushusha mkono huo, taa za mishale zinageuka njia nzima, na huko mjini geti la kutokea linaruhusiwa kufunguliwa. Aliyebuni mpango huu zamani hakumwamini binadamu yeyote, na Ligaya alimpenda kwa hilo.

Jumatano ile, kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Nusu ya mji ilikuwa inakwenda kula bata mzinga kwa mama mkwe, na nusu nyingine ilikuwa inawakimbia wageni. Kufika saa tano foleni ya kutoka ilikuwa imeshapita uwanja wa mpira. Kwa hiyo Doyle Pruett, msimamizi wao, ambaye kwa kawaida huonekana kibandani mara moja kwa mwezi kama bili, alikuwa amesimama pale na koti lake la mvua, akiangalia saa.

"Leo tunageuza saa tano na nusu," alisema. "Nimeshaahidi."

"Umemwahidi nani, bosi?" Ligaya aliuliza. Alikuwa ameshafunga la tisa, la nane na la saba, na alikuwa anachomeka funguo zake tatu kwenye ubao. Tano za kwanza zilikuwa tayari zimeshaning'inia. Hizo za mzee Orville Haugen, aliyekuwa amekaa juu ya kreti, mguu wake mmoja kaunyoosha mbele.

"Nimewaahidi wanaoniuliza."

"Basi waambie mmoja bado. Nakwenda la sita."

"Ukifika sema kwenye redio."

"Nasemaga kila siku."

Orville alicheka kidogo. "Vaa kofia, binti. Kule juu upepo unang'oa masikio."

Mpaka mwezi wa tano, geti la sita lilikuwa la Orville. Lilikuwa geti baya kuliko yote. Njia yake inapanda na kupinda, huwezi kuegesha pikapu pembeni, inabidi uliache gari chini ya daraja na kupanda ngazi za chuma themanini na nne mpaka kwenye kitasa. Mzee ana miaka sitini na nne na goti lililofanyiwa upasuaji mara mbili. Ligaya ndiye aliyesema alichukue yeye, wala hakungoja kuombwa.

Akaegesha, akabonyeza redio ya upepo. "Ligaya, niko la sita."

"Nimekupata," sauti ya Pruett ikajibu.

Akapanda. Alipofika juu alikuta gari dogo la kijivu limezimika katikati ya njia, chini kabisa ya boriti, na bibi mmoja wa nywele nyeupe amekaa ndani na sufuria kubwa la viazi mapajani. Nyuma yake magari manne. Kuishusha boriti ilikuwa ni kumshushia bibi wa watu kichwani.

"Limekufa tu," bibi alisema kupitia dirishani. "Lilikuwa linaimba vizuri, likafa."

"Usijali, bibi. Tutakusukuma urudi nyuma. Usitoe mguu kwenye breki mpaka nikwambie."

Akageuka kuwafuata wenye magari ya nyuma awaombe nguvu, na hapo ndipo jicho lake lilipokwenda juu, kwenye mtambo wa taa uliovuka njia za katikati. Mishale ya kijani iliyokuwa inaelekea mjini ilizimika. Ikawaka misalaba myekundu. Maana yake moja tu: mkono umeshushwa.

Ligaya alikitazama kitasa. Ufunguo wa sita ulikuwa mle mle, umekaa na kutulia. Akaushika akauvuta, kwa sababu mtu hufanya hivyo hata akijua. Haukutoka. Geti lilikuwa wazi mbele yake, na ubao kule kibandani ulikuwa umekubali kwamba limefungwa.

Mwenye gari jekundu, wa tatu kwenye foleni, hakuwa na habari ya mishale wala misalaba. Aliona mwanya kati ya gari la bibi na ukuta, akaanza kujipenyeza. Ligaya hakukumbuka kukimbia. Alijikuta tu amesimama mbele ya boneti lake, viganja viwili juu ya bati.

"Dada, toka, nina ndege saa saba," mwenye gari alisema.

"Ukipita hapa hupandi ndege, unapanda jeneza. Zima gari."

"Mbona hivyo? Mlango si uko wazi?"

"Ndiyo. Uko wazi. Zima gari, kaka, nakuomba kwa heshima kabla sijaacha heshima."

Akazima. Ligaya akabonyeza redio, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Wanda. Wanda, usifungue geti la mjini."

Wanda alikuwa chumba cha televisheni za kamera, mjini, na kidole chake ndicho kinachofungua geti la kutokea. "Shoga, nina basi la mbele linanguruma, na nyuma yake magari mpaka sijui wapi. Ubao unasema tisa."

"Ubao unasema uongo. La sita liko wazi, na ufunguo wake nauona hapa, uko kwenye kitasa."

"Haiwezekani."

"Najua haiwezekani. Usifungue."

"Nimetoa kidole," Wanda akasema, na baada ya pumzi moja, "Ligaya, nilikuwa nimeshakiweka."

Walimsukuma bibi nyuma, Ligaya na mwenye gari jekundu na wengine wawili, bibi akishika usukani kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono wa pili. Boriti ikalala. Ufunguo ukazunguka, ukaanguka kiganjani mwa Ligaya, ukiwa na baridi. Kushuka zile ngazi themanini na nne hakuhesabu hata moja. Hofu ilimwishia njiani. Kilichofika kibandani kilikuwa hasira tupu, na ilikuwa hasira tulivu, ya aina ile inayomfanya mtu afunge mlango taratibu nyuma yake.

Kwenye ubao funguo zilikuwa tisa. Nane zilikuwa nyeusi kwa jasho la mikono ya miaka. Wa sita ulikuwa unang'aa kama kijiko cha wageni.

Ligaya akaweka ufunguo wake mezani. "Huyu ni nani?" akauliza, akionyesha ule ulioko ukutani.

"Kwanza, hakuna aliyeumia," Pruett alisema.

"Sijauliza nani kaumia. Nimeuliza huyu ni nani."

"Ni wa akiba."

"Akiba ya nini? Ufunguo unatoka geti likifungwa. Ufunguo wa namna hiyo unakuwaje na akiba?"

"Sikiliza. Wewe ulisema kwenye redio uko la sita. Ukisema uko la sita, mimi nahesabu limefungwa. Miezi sita hujawahi kufika ukashindwa kulifunga. Kutoka pale mpaka hapa ni dakika kumi na mbili, Ligaya. Dakika kumi na mbili, siku kama ya leo, ni foleni ya kilomita tano."

"Kwa hiyo nikisema nimefika sokoni, wewe unaandika mchuzi umeiva."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Kulikuwa na bibi chini ya boriti. Kulikuwa na kijana ameshaingiza tairi la mbele. Basi lilikuwa linanguruma. Wanda alikuwa ameshaweka kidole." Kila sentensi aliitoa pole pole, kama mtu anayepanga vyombo. "Ningechelewa ngazini sekunde ishirini tu, saa hizi tungekuwa tunawaokota, bosi. Mimi na wewe. Tunaokota watu na viazi."

Akanyoosha mkono akauchomoa ule unaong'aa. Chini ya ubao mkono mkubwa ukajifunga kwa mlio mzito. Sasa alikuwa nazo mbili, wa kweli na wa uongo, na ubao ulikuwa na tundu moja tupu. Njia za katikati zilikuwa zimekufa, hazielekei kaskazini wala kusini.

Simu ya ukutani ikaanza kulia. Hakuna aliyeipokea.

"Rudisha," Pruett alisema.

"Sirudishi."

"Sasa geti limefungwa. Hilo huwezi kubisha. Weka wa kweli kama unataka, tugeuze, haya mengine tutaongea Jumatatu."

"Jumatatu ufunguo huu utakuwa umepotea, na hapatakuwa na cha kuongea. Hizi njia hazigeuki leo mpaka nimeona hiki kitu kimekatwa. Ziko nyingine?"

Pruett akaangalia dirisha. Huko nje mtu alipiga honi ndefu, na mwenzake akamjibu.

"Ziko nyingine?" Ligaya akarudia.

"Mwambie, Doyle," Orville akasema kutoka kwenye kreti.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeanza."

Ligaya akageuka. Mpaka dakika hiyo hakuwa amemtazama mzee hata mara moja. Kwenye hasira yake alikuwa amempa upande, na upande wenyewe ulikuwa wa Ligaya.

"Ni kweli," Orville alisema. Alikuwa anajisugua goti. "Ule wa sita niliuchonga mimi. Kabla hujalichukua geti. Baridi ilikuwa imeshuka, ngazi zote barafu, nilianguka mara mbili wiki moja. Siku moja niliubeba ufunguo mpaka nyumbani mfukoni, kwa kusahau, nikaona duka la funguo liko wazi. Dakika tatu tu, akanichongea. Nikawa nafunga geti kwa kitufe kilicho chini ya ngazi, natazama kwa darubini kutoka kwenye pikapu. Nikiona boriti imelala, naja na huu."

"Na siku za ukungu?"

Orville akalitazama goti lake.

"Mzee, nakuuliza. Siku za ukungu ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nasikiliza. Boriti ina mlio wake ikishuka."

Ligaya alihisi uso unamwaka. Kwa Pruett ilikuwa rahisi. Pruett hajawahi kushika boriti yenye barafu. Huyu ndiye aliyemfundisha. Siku yake ya kwanza kazini alimsimamisha mbele ya geti lililo wazi akamwambia vuta, akavuta mpaka kiganja kikawa chekundu, ndipo akamwambia: sasa umejua, huu hauwezi kukudanganya.

"Ungeniambia," alisema. "Goti linakuuma, ungesema. Ningepanda mimi tangu siku ya kwanza. Ningepanda kwa magoti."

"Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu nistaafu. Wangesema sifai."

"Basi ukaona bora wasijue hufai mpaka basi zima lijue."

Orville akainamisha kichwa. Pruett akaona nafasi. "Unaona? Mzee wa watu. Hebu tuyamalize kimya kimya."

"Wewe nyamaza kwanza," Ligaya alimwambia bila kupaza sauti. "Yeye alichonga mmoja kwa sababu anaanguka. Wewe ulipoukuta ulifanya nini? Ulimnyang'anya? Ulimtafutia mtu wa kupanda? Ziko ngapi?"

Simu ikakatika, ikaanza tena. Pruett akavuta droo ya meza, akatoa mkufu wa waya wenye funguo nane, zote zinang'aa, kila moja na namba yake ya karatasi. Akauweka mezani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Nilizitumia mara chache," alisema.

"Mara ngapi?"

"Siku za haraka, kwenye zamu ambazo hukuwepo."

"Kila siku ni siku ya haraka, bosi. Hii ni barabara."

Kwenye kona ya kibanda kulikuwa na meza ya kazi, na juu yake jiliwa la kubania vyuma, na ukutani msumeno wa chuma. Ligaya akaubana ufunguo wa kwanza wa uongo kwenye jiliwa. Msumeno ukateleza ukamkwaruza kidole. Akajaribu tena. Shaba ikalia, lakini haikukatika.

Pruett alikuwa ameshapokea simu. "Ndiyo, mkuu. Tuna mfanyakazi amegoma. Ndiyo, ana funguo. Hapana, hataki." Akafunika simu kwa kiganja. "Anasema toka kibandani sasa hivi. Ukitoka sasa itaandikwa kuwa ni kutoelewana tu."

"Mwambie naandika mwenyewe. Mwambie pia Wanda anarekodi redio zote, na pale nilisema ubao unasema uongo. Atalisikia kwa sauti yangu."

Pruett hakumwambia. Akageuza mgongo, akaendelea kuongea chini chini.

Orville akainuka kwenye kreti. Ilimchukua muda. Akaja mpaka kwenye jiliwa, akaupokea msumeno kutoka mkononi mwa Ligaya, na Ligaya akamwachia, kwa sababu mzee alikuwa anajua chuma kuliko yeye na kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Mzee akaugeuza msumeno, akaushika karibu zaidi, akaanza kukata kwa mwendo mrefu, bila papara.

Wa kwanza ukaanguka vipande viwili. Wa pili. Wa tatu. Nje honi zilikuwa zimeungana zikawa kitu kimoja. Mtu fulani kwenye foleni akatukana kwa nguvu mpaka wakamsikia ndani. Ligaya alisimama akihesabu vipande. Hasira haikuwa imempungua. Ilikuwa imekaa tu, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Alifikiri juu ya asubuhi zote tangu mwezi wa tano, alivyokuwa akiendesha ndani ya njia zile akiwa na imani ya mtoto mgongoni mwa mama yake, na ubao nyuma yake ukikubali chochote unachopewa.

"Nane," Orville alisema. "Nipe ule."

Ligaya akampa ule wa sita, aliouchonga mzee mwenyewe. Huo aliukata polepole zaidi. Ulipoanguka, akaviokota vipande vyote kumi na nane akaviweka kwenye kopo tupu la kahawa, akamkabidhi Ligaya.

"Sasa weka wa kweli," alisema.

"Nitakwenda kuyaona mageti yote kwanza."

"Dakika arobaini," Pruett alisema, simu ikiwa imeshuka.

"Pengine hamsini. Leo ninapanda na kushika kila boriti kwa mkono."

Na akapanda. Tisa zote. Watu waliokuwa kwenye foleni walimwona mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa akivuta boriti moja baada ya nyingine, na wengine walimwonyesha vidole ambavyo havionyeshwi mbele ya watoto. Bibi wa viazi, aliyekuwa bado anangoja gari la kumvuta pale la sita, alimwinulia kijiko. Saa saba na dakika kumi ufunguo mweusi wa sita uliingia kwenye ubao, mkono mkubwa ukaachia, mishale ikawaka kuelekea kaskazini, na Wanda akasema kwenye redio, "Naona tisa. Shoga, ni tisa za kweli?"

"Za kweli. Fungua."

Basi likapita chini ya dirisha la kibanda, limejaa, na nyuma yake magari yasiyo na mwisho. Pruett alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amesema Jumatatu watu wa juu watamwita, na alilisema kama tishio. Ligaya alikuwa amemjibu kwamba asipoitwa atakwenda mwenyewe.

Akakaa mezani akavuta karatasi ya ripoti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alikuwa ameusafisha kwenye masomo ya jioni, Tala akiwa amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa nyuma ya darasa. Aliandika tarehe, saa, geti. Aliandika funguo tisa za uongo. Aliandika Doyle Pruett, msimamizi. Kisha kalamu ikasimama.

Orville alikuwa amerudi kwenye kreti yake. "Na jina langu?" aliuliza.

Ligaya hakugeuka. Alitamani mtu mwingine ajibu. Alitamani mzee aombe, ili apate sababu ya kumkasirikia zaidi, lakini mzee hakuomba. Alikuwa anangoja tu kama mwanafunzi.

"Na jina lako, mzee," alisema. "Nikiliacha, watasema ni bosi mbaya tu, watambadilisha, na mwingine mwenye goti bovu atakwenda kwenye duka la funguo."

"Hapo sawa."

"Nitaandika pia kwamba geti la sita linataka njia ya gari mpaka juu. Nitaliandika mwanzo, wakilisoma wakiwa bado hawajachoka."

"Watasema ni ghali."

"Waseme. Nitaandika tena mwezi ujao."

Akaandika: Orville Haugen, mfunga mageti. Herufi zikatoka nzuri kama nyingine, na hilo lilimuuma. Mzee akainuka, akaja akasimama nyuma ya bega lake, akasoma kwa macho yaliyobanwa, akaweka kidole chini ya jina lake.

"Umesahau tarehe niliyouchonga ule ufunguo," alisema. "Andika. Ilikuwa Februari tisa. Wakijua tangu lini, watajua ni siku ngapi za kuziogopa."

Ligaya akaandika Februari tisa, akampa kalamu atie sahihi.